Seva inayosahau kila umeme ukikatika: pa kuanzia kujifunza Linux ya maofisini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga, karibu na bandari. Tuna seva moja ya Linux inayoendesha programu ya mizigo na ankara, sisi tunaifungua kwenye kompyuta zetu kwa kivinjari. Fundi aliyeifunga amehamia Dar. Kila umeme ukikatika ukarudi, seva inawaka vizuri lakini programu haifunguki mpaka tumpigie simu fundi. Anaingia akiwa hukohuko Dar, anaandika vitu viwili vitatu, mambo yanakaa sawa. Sasa bosi amesema seva ni yangu kwa sababu "wewe unajua kompyuta". Ninachojua mimi ni Windows na Excel. Nianzie wapi? Na ni lazima nilipie kozi ya cheti? – Karani, Chumbageni

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hongera kwa kukabidhiwa, na pole pia, maana "wewe unajua kompyuta" ni cheo kisicho na posho.

Mambo ya kozi na cheti nitayafikia. Kwanza hivyo vitu viwili vitatu vya fundi, kwa kuwa ndani yake limo somo lako kubwa kuliko yote. Seva ya Linux ina hali mbili kwa wakati mmoja. Iko hali ya sasa, jinsi mashine inavyofanya kazi dakika hii, na iko hali iliyoandikwa kwenye diski, ambayo mashine huisoma inapowaka. Amri nyingi za usimamizi hugusa moja tu kati ya hizo. Fundi wenu, kwa maelezo yako, amekuwa akirekebisha ya sasa na kuiacha iliyoandikwa vilevile. Ni sawa na karani anayekumbuka deni la kila mteja kwa kichwa wala haandiki daftarini: akiugua, ofisi nzima haijui nani anadaiwa nini.

Tuanze na huduma yenyewe. Programu kama yenu kwa kawaida husimama juu ya seva ya wavuti iitwayo httpd, au nginx. Ukiandika `systemctl start httpd` unaiwasha sasa hivi, basi. Ukiandika `systemctl enable httpd` unaagiza iwashwe kila mashine inapowaka. Watu huandika ya kwanza, wakaona ukurasa umefunguka, wakafunga laptopu na kwenda zao. `systemctl enable --now httpd` hufanya yote mawili kwa mkupuo. Kujua kama hili ndilo tatizo lenu, andika `systemctl is-enabled httpd`. Ikijibu `disabled`, umeshampata mchawi. Fanya hivyohivyo kwa hifadhidata, yaani mariadb au postgresql, maana mara nyingi seva ya wavuti imewekwa sawa na hifadhidata ndiyo iliyosahauliwa.

Faiawoli, ule ukuta unaochagua nini kiingie kwenye seva kutoka mtandaoni, nayo ina tabia hiyohiyo. `firewall-cmd --add-service=http` hufungua mlango mpaka mashine itakapozimika. Ukiongeza `--permanent` inaandikwa kwenye diski, lakini haifunguki sasa mpaka useme `firewall-cmd --reload`. Linganisha majibu ya `firewall-cmd --list-all` na ya `firewall-cmd --permanent --list-all`: kilichopo kwenye la kwanza na kukosekana kwenye la pili kitapotea umeme ukikatika.

Halafu kuna anwani ya seva. Umeme ukirudi, ruta nayo imewaka upya na huenda ikaipa seva anwani nyingine, wakati kompyuta zenu zinaitafuta kwa ile ya zamani. Andika `ip a` uone kama imebadilika. Dawa ni kuipa, kwa amri ya `nmcli`, anwani ya kudumu iliyo nje ya zile ambazo ruta inazigawa. Na kuna diski ya pili, kama mnayo: huenda fundi huipachika kwa mkono kwa sababu hajaiandika kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kupachikwa mashine inapowaka. Hapo nenda taratibu. Mstari mmoja wenye kosa katika faili hiyo unaweza kuizuia seva isiwake kabisa, ukajikuta kwenye skrini nyeusi inayodai nenosiri la root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine, huku wateja wamejaa mapokezi. Ukishaihariri, kabla hujazima chochote, andika `findmnt --verify` kisha `mount -a`. Zisipolalamika, uko salama.

Ningeambiwa niweke dau, ningeliweka kwenye SELinux. Huu ni ulinzi wa ziada uliomo ndani ya Linux za familia ya Red Hat, yaani ya kampuni hiyo na zile zinazotokana nayo. Ulianzia katika shirika la usalama la Marekani, NSA, na ukatolewa hadharani mwaka 2000. Kazi yake ni kuibandikia kila faili na kila programu lebo, kisha kuamua lebo ipi iguse ipi. Hata ruhusa za kawaida zikiwa wazi, SELinux inaweza kukataa. Mafundi wengi hawaipendi. Programu ikigoma wanaandika `setenforce 0`, ulinzi unalegea, programu inafunguka, simu inakatwa. Lakini `setenforce 0` ni ya sasa tu. Seva ikiwaka upya inasoma `/etc/selinux/config`, inakuta pameandikwa `enforcing`, na ulinzi unarudi. Hiyo inafanana mno na hadithi yako.

Tuitazame kwa karibu, maana ndipo wanafunzi wengi wanapokata tamaa. Tuseme umetengeneza faili ya ankara ndani ya folda yako ya nyumbani, ukaihamisha kwa `mv` kwenda `/var/www/html`. Ukifungua kivinjari unakataliwa: 403. Ruhusa umeangalia, ziko sawa. Sasa andika `ls -Z /var/www/html`. Utaona faili nyingine zina lebo `httpd_sys_content_t`, na hiyo yako ina `user_home_t`. Imehama na lebo ya nyumbani kwake, na seva ya wavuti hairuhusiwi kuchungulia mambo ya nyumbani kwa watu. Ungetumia `cp`, nakala mpya ingezaliwa na lebo ya pale ilipozaliwa, na shida hii usingeiona. Dawa ni mstari mmoja:

`restorecon -Rv /var/www/html`

Itakuonyesha faili ipi imebadilishwa, kutoka lebo gani kwenda ipi. Kama programu yenu inakaa mahali pasipo pa kawaida, tuseme `/data/mizigo`, kwanza unaijulisha SELinux kuhusu mahali hapo, ndipo unarekebisha:

`semanage fcontext -a -t httpd_sys_content_t "/data/mizigo(/.*)?"`
`restorecon -Rv /data/mizigo`

Folda ambayo programu inaandika ndani yake, kwa mfano ya ankara zilizopakiwa, hupewa lebo `httpd_sys_rw_content_t` badala ya hiyo. Na kama kinachokataliwa ni programu kuzungumza na hifadhidata iliyo kwenye mashine nyingine, kuna swichi: `setsebool -P httpd_can_network_connect_db on`. Hiyo `-P` usiisahau. Bila hiyo swichi inarudi ilivyokuwa mara mashine inapozimika, na unampigia tena simu mtu wa Dar. Kujua SELinux imekataa nini tangu mashine iwake, kuna `ausearch -m AVC -ts boot`. Mtu akikushauri uizime moja kwa moja ili upumzike, mshukuru kwa ushauri na usiufuate. Seva yenye ankara za wateja na nyaraka za forodha si ya kuachwa mlango wazi.

Huna haja ya kubahatisha kati ya hizi sababu. Ingia kwa akaunti anayotumia fundi, andika `history`, na usome alichoandika mara za mwisho. Vitu viwili vitatu vyake vimo humo, neno kwa neno. Kisha `systemctl --failed` ikuonyeshe huduma zilizoshindwa kuwaka, na `journalctl -b -p err` ikupe makosa yote tangu mashine ilipowaka. Soma kwanza, gusa baadaye. Nimeona watu wazima wenye vyeti wakiwasha upya seva mara nne mfululizo bila kusoma hata mstari mmoja wa logi, daftari la matukio la mashine.

Sasa kujifunza kwenyewe. Usijifunzie kwenye seva ya bosi. Tafuta laptopu, hata ya mtumba, yenye RAM ya gigabaiti 8, weka VirtualBox, programu ya bure ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na ndani yake tengeneza mashine pepe mbili: moja seva, nyingine ya kuitembelea. Kila moja ipe RAM gigabaiti 2 na diski gigabaiti 20.

Kuhusu aina ya Linux, tazama kwanza mlicho nacho ofisini: `cat /etc/os-release`. Ikisema CentOS Linux 7, jua kwamba masasisho yake yalikoma 30 Juni 2024, na unapaswa kumweleza bosi mapema kwamba kuna uhamisho mbele, wa kupangwa, si wa usiku mmoja. CentOS Linux 8 ilikufa mapema zaidi, mwisho wa 2021, na ndiyo sababu AlmaLinux na Rocky Linux zikazaliwa mwaka huohuo. Hizo mbili ni za bure na zinafuata Red Hat Enterprise Linux kwa karibu sana. Ukijifunza moja, umezijua zote. Hata Red Hat yenyewe ina usajili wa bure kwa mtu binafsi anayejifunza, wa hadi mashine 16.

Tahadhari ya wanunuzi wa mtumba: toleo la 10 la Red Hat, lililotoka Mei 2025, linadai prosesa za kizazi cha x86-64-v3, kwa upande wa Intel takriban zile Core za kizazi cha nne, za 2013, na kuendelea. Laptopu ya zamani zaidi ya hapo italikataa. AlmaLinux wametoa toleo la 10 lao pia kwa prosesa za nyuma ya hizo, na toleo la 9 la zote bado linapata masasisho, kwa hiyo usikimbilie kununua mashine nyingine. Kwa kuanzia chukua la 9. Unapopakua, chagua faili iitwayo minimal. Ile ya DVD hufika kama gigabaiti 10 na itamaliza bando lako bure. Ikishashuka, hakikisha haikuharibika njiani kwa `certutil -hashfile` ya Windows, ukimalizia na jina la faili na neno `SHA256`, kisha ulinganishe na namba iliyoko kwenye tovuti yao.

Unapoisakinisha, usiweke sura ya madirisha. Najua inatisha kukaa mbele ya skrini nyeusi yenye kimstari kinachopepesa, lakini seva ya ofisini ndivyo ilivyo. Ukimaliza, ingia kutoka Windows yako kwa PowerShell, ukiandika `ssh` na jina lako na anwani ya mashine. Kuanzia hapo fanya kazi kana kwamba mashine iko Dar.

Wiki za mwanzo ni za kutembea: `cd`, `ls`, `cp`, `less`, `grep`, na `man` ya kuuliza. Kihariri cha `vi` kinasumbua kila mtu. Jifunze `i` ya kuandika, Esc ya kutoka, `:wq` ya kuhifadhi na `:q!` ya kukimbia, mengine yatakuja. Watumiaji na ruhusa havichukui muda. Shika mawili tu: usifanye kazi za kila siku kama root, jitengenezee akaunti iliyo kwenye kundi la wheel utumie `sudo`, amri ya kuazima uwezo wa root, na unapomwongeza mtu kwenye kundi, ni `usermod -aG`, usiiache hiyo `a`. Ukiiacha, unamtoa kwenye makundi mengine yote bila hata onyo.

Baada ya hapo ingia kwenye zoezi ambalo nawapa wote wanaokuja kwangu. Jenga ukurasa mmoja wa wavuti kwenye mashine ya kwanza, uonekane kutoka mashine ya pili. Ukionekana, nenda VirtualBox uikate mashine ya kwanza ghafla, ile ya Power Off, si kuizima kwa adabu. Iwashe tena. Usiguse kitu. Ukurasa unaonekana? Kama hauonekani, kazi haijaisha. Kisha ongeza diski ya pili, kata tena. Weka anwani ya kudumu, kata tena. Hamisha tovuti kwenda `/data`, kata tena. Kabla ya kila hatua piga picha ya hali ya mashine, VirtualBox inaita snapshot, ili ukiivunja kabisa uirudishe kwa dakika moja. Na uivunje kweli: andika upuuzi kwenye `/etc/fstab` kwa makusudi uone seva inavyolia, halafu itoe humo.

Diski zina sura yake na usiipite haraka. Mfumo wa faili wa kawaida kwenye familia hii ni XFS, ambao unaweza kuukuza lakini huwezi kuupunguza, kwa hiyo usigawe nafasi yote siku ya kwanza. Acha nyingine kwenye LVM, mfumo wa kugawa diski vipande vinavyoweza kukuzwa, uje kuiongeza kwa `lvextend -r` panapobana. Diski ikijaa, `df -h` itakwambia ipi, na `du` itakwambia folda ipi. Kuna siku zitabishana: `df` inasema imejaa, `du` haioni kitu. Hapo kuna mtu amefuta logi kubwa wakati programu bado imeishikilia, nafasi haijaachiwa. `lsof +L1` itakutajia programu hiyo. Iwashe upya, nafasi inarudi. Na kwa kuwa umeme wenu unakatika ghafla, jua kwamba XFS hujirekebisha yenyewe inapopachikwa tena. Ukiona mtu anakimbilia `xfs_repair -L`, mshike mkono: hiyo `-L` inatupa kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajakamilika, na data inaweza kwenda nayo. Ni ya mwisho kabisa, baada ya kuchukua nakala ya diski nzima.

Seva ya zamani ikiwaka na kudai tuko miaka kadhaa nyuma, betri yake ya saa imekufa, ile bapa ya CR2032, inapatikana kwa mafundi saa. Baada ya kuibadilisha, `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, na uhakikishe `chronyd`, inayosawazisha saa kupitia mtandao, iko enabled.

Tukiwa kwenye saa: nakala za akiba. Utatumia `cron`, inayoendesha kazi kwa ratiba, nayo inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko. Ukitaka saa nane usiku, unaandika `0 2 * * *`. Ukiandika `0 8` umechagua saa mbili asubuhi, wakati makarani wote wanafungua programu, na mtaniambia seva nzito. Lakini uliza kwanza kama ofisi yenu huzima swichi kubwa jioni. Ofisi nyingi hapa mjini huzima, na nakala ya saa nane usiku haijawahi kuchukuliwa hata siku moja. Katika hali hiyo mimi ningechagua mchana, kila siku saa saba wakati wa chakula, `0 13 * * *`, na ile kubwa ya wiki iwe Ijumaa saa hiyohiyo, watu wakiwa msikitini na programu imetulia: `0 13 * * 5`. Hifadhidata usiinakili faili zake ikiwa inafanya kazi. Itoe kwa `mysqldump` au `pg_dump`, ndipo `rsync` ipeleke kwenye diski ya nje. Kila mwezi irudishe kwenye mashine yako pepe, ufungue programu, utafute ankara ya wiki iliyopita. Ikikosekana, nakala yako ni jina tu.

Kuhusu cheti. Kinachoheshimika kwa kuanzia katika familia hii ni RHCSA, cheti cha Red Hat cha msimamizi wa mifumo, mtihani namba EX200. Hakuna maswali ya kuchagua a, b, c; unapewa mashine hai na orodha ya kazi, unahitaji alama 210 kati ya 300, na cheti hudumu miaka 3. Sharti mojawapo ni kwamba kazi zote zidumu baada ya mashine kuwashwa upya. Kwa hiyo lile zoezi la kukata umeme ndilo mtihani wenyewe. Orodha ya mada zake iko wazi kwenye tovuti ya Red Hat. Ichukue uifanye ratiba yako bila kulipa senti. Ada ya mtihani si ndogo, na kwa nafasi yako ya sasa haikuongezei kitu ofisini. Subiri mpaka uweze kufanya kila kitu kwenye orodha hiyo bila kugoogle, na ikiwezekana bosi ndiye alipe. Kozi ya darasani itakufaa kama unajijua huwezi kukaa peke yako na mashine jioni tatu kwa wiki; vinginevyo laptopu ile na VirtualBox vinatosha.

Kwa Jumatatu hii usirekebishe chochote. Mwombe fundi, kwa heshima na kupitia bosi, akukabidhi nenosiri la root kwa maandishi na akufungulie akaunti yako. Mwambie bosi anunue UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, ya seva na ya ruta pia, si ya seva peke yake. Kisha chukua nakala ya hifadhidata, na ndipo uandike hizi, unakili majibu uniletee:

`cat /etc/os-release`
`systemctl --failed`
`getenforce; grep ^SELINUX= /etc/selinux/config`
`firewall-cmd --list-all; firewall-cmd --permanent --list-all`
`history | tail -50`

Hiyo ya mwisho iandike ukiwa ndani ya akaunti anayoingilia fundi, na kabla hujanitumia ipitie. Kama aliwahi kuandika nenosiri la hifadhidata kwenye mstari wa amri, limo humo, lifute kwanza.